Maombi ya Wawili Wawili

Neno la Katibu wa Kwaya katika sherehe ya jubilei ya miaka 25

 

Mchungaji wetu na mama mchungaji, wazee wa kanisa, wageni wetu mliotoka Ukunda, Msambweni, Lunga Lunga na ng'ambo ya feri, wazazi wetu, na nyinyi wanakwaya wenzetu, pamoja na wale mliostaafu lakini bado mnatuimbia kutoka viti vya nyuma: karibuni sana, na poleni na safari. Tunajua wako waliosimama Likoni tangu alfajiri wakingoja kuvuka.

Kamati ya jubilei ilitupa sisi wa meza ya katibu kazi ya kueleza miaka 25 ya kwaya hii. Tukatoa madaftari ya kumbukumbu. Yako manne, na moja mchwa wameanza kulisoma kabla yetu. Mambo ya sare, mashindano, safari na walimu wa kwaya waliopita mtayaona katika kurasa za picha, kwa hiyo hapa hatutayarudia. Tumeona tuseme juu ya mstari mmoja tu, ambao umeandikwa karibu katika kila ukurasa wa madaftari hayo: "Kikao kilifunguliwa kwa maombi."

Mstari huo tumeuandika miaka mingi bila kuufikiria. Wanaofundisha kati yetu wanalijua jambo hili. Mtoto huandika tarehe juu ya daftari kila asubuhi, na ukimwuliza leo ni tarehe ngapi, hajui. Ndivyo tulivyokuwa. Maombi ya kufungulia yalichukua dakika mbili, mara nyingi yakiombwa na yeyote aliyekaa karibu na mlango, huku wengine wakitafuta wimbo vitabuni.

Lakini katika daftari la tatu upo ukurasa mmoja, wa Jumamosi moja ya Oktoba 2018. Mwanzo wake ni ule ule. Mwisho wake umeandikwa hivi: "Kikao kilivunjika saa kumi na mbili na robo. Hakikufungwa kwa maombi." Katika madaftari yote manne, ni ukurasa huo peke yake. Habari ya leo inaanzia hapo.

Wengi wenu mnaijua, na kila mmoja anaijua kwa namna yake. Tumeisema nje miaka mingi. Leo acheni tuiseme ndani.

Tulitaka kurekodi nyimbo zetu kwa video. Tukachanga. Ilifanyika harambee baada ya ibada, akina mama wakauza viazi karai na mabuyu, wenzetu wa mahoteli ya Diani wakatoa sehemu ya bahashishi zao, na vijana wa bodaboda wakaleta shilingi hamsini hamsini kila wiki. Zikafika shilingi 86,500. Siku ya kwenda kulipa malipo ya kwanza, tukakuta pesa zimepungua shilingi 14,000. Mweka hazina wetu wa wakati huo akasema zipo, tumpe wiki mbili. Wiki mbili zikawa mwezi, na mwezi ukawa miezi mitatu.

Maneno yakaenea. Yalipofika steji ya Ukunda, zile 14,000 zilikuwa 40,000. Yalipofika sokoni, mweka hazina alikuwa akijenga nyumba ya vyumba vitatu Kona ya Musa. Kikundi chetu cha WhatsApp, kilichokuwa cha kutumiana nyimbo na saa za mazoezi, kikawa mahali pa kusutana, na waliochoka kusutana hadharani wakafungua kikundi kingine.

Na tuliomba! Hili ndilo linalotuaibisha zaidi. Tuliomba kuliko wakati mwingine wowote. Ila sikilizeni tulivyoomba. Mmoja alisimama, akafumba macho, akasema, "Bwana, unawaona wale wanaokula vya madhabahu yako." Amina kubwa kutoka upande wa tenori. Halafu dada wa upande wa pili akapokea, "Baba, yafunge makanwa ya wanaochafua majina ya watumishi wako." Amina kubwa kutoka upande wa soprano. Tulikuwa tukirushiana mishale na kumpitisha Mungu katikati. Mtu hawezi kukujibu wakati unaomba, na ndiyo maana maombi ya namna ile ni matamu kwa mwenye hasira.

Ikafika mahali mwenzetu mmoja akasema Roho Mtakatifu amemwonyesha ndotoni aliyezichukua pesa, akamtaja mtu ambaye hata hakuwa mweka hazina. Hatukujua la kufanya. Ukimpinga, utaonekana unampinga Roho. Mchungaji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza jambo moja tu: "Je, umemwambia yeye mwenyewe?" Hakuwa amemwambia.

Katika kikao kile cha Oktoba, tisa waliondoka. Besi yote iliondoka isipokuwa mzee mmoja, ambaye kwa mwaka mmoja na nusu aliimba peke yake. Alikuwa akitutania kwamba sauti ya besi haijawahi kuwa na umoja kama huo.

Ndipo ukaja mwaka 2020. Mwezi wa Machi makanisa yakafungwa na kafyu ikaanza. Aprili Kaunti ya Kwale ikafungwa pamoja na Mombasa na Kilifi, hakuna kutoka wala kuingia. Mahoteli ya ufuo wa Diani yakafunga milango, na wanakwaya waliokuwa wapishi, wahudumu, walinzi na watunza bustani wakarudi nyumbani kwa likizo isiyo na malipo. Walimu wa shule za kibinafsi vilevile. Kuimba pamoja kukawa hatari kwa afya za watu. Tukabaki kwaya isiyoimba, na hatukuwahi kujiuliza kwaya isiyoimba ina kazi gani.

Wakati huo tulikuwa na bibi yetu mmoja wa sauti ya pili, ambaye sasa ametangulia mbele za Bwana. Alizaliwa Murang'a, akaja huku na mumewe aliyeajiriwa katika kiwanda cha sukari cha Ramisi. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1988, wao wakabaki, kwa sababu, alivyosema, walikuwa wameshapanda minazi. Bibi huyu alilelewa katika ushirika wa Uamsho, miongoni mwa wale ambao kwao huitwa ahonoki, yaani waliookoka. Katika juma la Pasaka ile ambayo hakuna aliyekwenda kanisani, alitupigia simu viongozi mmoja mmoja, akasema, "Mnalia kwamba hamwezi kukusanyika arobaini. Watu wawili wanatosha." Kisha akatueleza habari ya Namirembe. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kuisikia, na kwa sababu ndiyo iliyotugeuza, tunaieleza hapa kwa urefu.

Mwaka 1929 kulikuwa na daktari Mwingereza aitwaye Joe Church, aliyefanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda. Njaa kali ilikuwa imewapiga watu wa huko, na yeye alikuwa amechoka mwili na roho. Mwezi wa Septemba akaenda Kampala kupumzika. Huko, kwenye kilima cha Namirembe lilipo kanisa kuu, akakutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi, mtu mwenye kazi nzuri ya serikali katika idara ya afya. Wote wawili walikuwa na kiu moja. Wakakaa siku mbili na Biblia zao, wakifuata kila mahali panapotajwa Roho Mtakatifu, na wakaomba pamoja.

Hakukuwa na vipaza sauti wala mabango ya mkutano. Walikuwa wawili tu. Na tukumbuke zama zenyewe: ulikuwa wakati wa ukoloni, Mzungu akihubiri na Mwafrika akisikiliza, Mzungu akiamuru na Mwafrika akitii, hata ndani ya kanisa. Hawa wawili walipiga magoti kama watu wanaopungukiwa na kitu kimoja. Baadaye Nsibambi aliacha kazi ya serikali akawa mhubiri. Daktari akarudi Gahini.

Bibi alipenda zaidi sehemu inayofuata, na sisi pia. Hospitali ya Gahini haikuwa na amani. Daktari na wahudumu wake hawakuelewana. Kiongozi wa wahudumu, Yosiya Kinuka, alikuwa na malalamiko mengi, akaenda nayo Kampala kwa Nsibambi na kuyamwaga yote mbele yake. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamgeuzia neno: na moyo wako wewe mwenyewe, uko katika hali gani? Kinuka alikuwa amekwenda kushtaki, akarudi Gahini amebadilika, akitafuta amani na watu wale wale aliokuwa amewashtaki. Katika miaka iliyofuata yeye na yule daktari walisafiri pamoja kuhubiri.

Ndivyo moto ule ulivyoanza kusambaa. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, aliutumikia Gahini mpaka alipofariki mwaka 1936, na mwaka 1937 kundi la ndugu kutoka Rwanda na Uganda lilifika Kabete, karibu na Nairobi. Wimbo wa Tukutendereza Yesu, ambao hata sisi wa Pwani tunauimba kwa Kiganda bila kukijua Kiganda, ndio uliokuwa wimbo wao. Siku za Mau Mau, miaka ya 1950, wengi wao walikataa kula kiapo, na wako waliokataa vilevile kushika bunduki upande wa serikali, na wako waliouawa kwa ajili hiyo. Bibi alikuwa mtoto siku hizo. Hakupenda kuzizungumza sana.

Alichozungumza sana ni kwamba watu wale hawakuhesabu maombi kuwa yamekwisha kwa sababu mtu amesema amina. Walisoma 1 Yohana 1:7, panaposema juu ya kwenda katika nuru na kushirikiana sisi kwa sisi, wakaona mambo hayo mawili hayatengani. Walisoma Mathayo 5:23-24, wakaiacha sadaka pale pale, wakatoka kumtafuta ndugu. Ikiwa Roho amekuonyesha kosa ukiwa umepiga magoti, basi anakutazamia uinuke, uvae viatu, uende kwa mwenye haki yake.

Basi bibi akapendekeza kwamba kila wiki tupige kura, wawili wawili, na saa tatu usiku tuombe kwa simu. Aliweka masharti. Mkishasalimiana, nyamazeni kwanza mpaka mmoja awe na neno la kweli la kusema. Kila mtu ajiombee mwenyewe kabla ya kumwombea mwenzake. Na msimtaje mtu wa tatu.

Sharti hilo la mwisho lilitumaliza. Tulipomwondoa mtu wa tatu, tuligundua kwamba maombi yetu mengi hayakuwa na kitu kingine ndani.

Akataka pia majina ya wale tisa yaingie kikapuni. Tukabisha: hao waliondoka. Akauliza, "Kwani mmewafuta kitabuni?" Tukafungua kitabu. Hatukuwa tumewafuta, si kwa upendo bali kwa uvivu. Tukawapigia. Sita walikubali.

Hatutaki mdhani kwamba kuanzia usiku wa kwanza mbingu zilifunguka. Wenzetu wa Shimba Hills walilazimika kutoka nje gizani kutafuta mtandao. Salio liliisha katikati ya maombi. Wako wawili ambao kwa wiki nzima walizungumza juu ya bei ya unga tu, wakasema hayo nayo ni maombi, na kwa hali ya mwaka ule pengine walikuwa na haki. Kilichotusumbua zaidi ni kunyamaza. Mwalimu wetu wa kwaya hutuambia kila siku kwamba pumziko ndani ya wimbo nalo huhesabiwa, anayelirukia anaharibu wimbo wote, lakini kwenye simu, sekunde kumi za kimya zilitutia hofu. Tulikuwa tumezoea kumjaza Mungu maneno. Warumi 8:26 inasema kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na kwamba Roho hutuombea kwa kuugua kusikotamkika. Tulikuwa tumeuhubiri mstari huo mara nyingi. Hatukuwa tumewahi kukaa kimya kiasi cha kuutumia.

Wiki ya sita, kura ikawaangukia mweka hazina wetu na yule kaka aliyekuwa kiongozi wa besi, aliyetoka na wale tisa. Tulitaka kuzirudisha karatasi na kupiga kura upya. Bibi akakataa.

Wote wawili wametupa ruhusa ya kuyasema haya bila majina. Wamo humu leo, na mmoja ataimba baada ya neno hili.

Usiku wa kwanza mazungumzo hayakutimiza dakika moja. Walisalimiana, wakanyamaza, laini ikakatika, na kila mmoja akadhani mwenzake ndiye aliyekata. Usiku wa pili walinyamaza robo saa, wakaagana. Usiku wa tatu kaka akajiombea. Alisema mbele za Mungu, dada akisikia, kwamba tangu mwanzo alijua upungufu ni 14,000, na kwamba yeye ndiye aliyeanza kusema 40,000. Alikitaka kile cheo cha mweka hazina. Aliona kwamba dada akiaibika vya kutosha atajiuzulu.

Dada hakumjibu kitu. Simu ikakatwa, na safari hii si mtandao.

Kesho yake dada ndiye aliyepiga, kabla ya saa tatu. Akasema kwamba mwaka ule wa 2018 mtoto wake wa pili alilazwa usiku, hali yake mbaya, na pesa zilihitajika papo hapo. Pesa alizokuwa nazo mkononi ni za kwaya. Alizichukua akijua mumewe atalipwa mwisho wa mwezi. Mshahara ukachelewa, halafu ukaja nusu. Kila wiki alijiambia atasema wiki ijayo. Angetuomba tungempa, na alilijua hilo. Lakini siku chache tu kabla ya kuugua mtoto, yeye mwenyewe alikuwa amesimama mbele yetu akatusuta kwa kuchelewesha michango, na hakuona ataanzaje.

Wakaomba baada ya hapo. Waliyoomba ni yao.

Julai makanisa yalipofunguliwa kwa masharti ya watu wasiozidi mia moja na ibada ya saa moja, tulikutana nje baada ya ibada, chini ya mwembe, kila mtu na barakoa yake. Dada alileta bahasha yenye shilingi 3,000 na karatasi ya jinsi atakavyolipa zilizobaki. Kaka alisimama kando yake, akaanza yeye kusema, kisha yeye dada. Hatukujua tuangalie wapi. Wako waliotaka kuuliza maswali, na maswali yalikuwepo. Yule mzee wetu wa besi ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungua kinywa. Akauliza, "Na mtoto, anaendeleaje?"

Kwa karibu miaka miwili tulikuwa tumeuliza pesa ziko wapi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba kulikuwa na mtoto.

Mtoto hajambo. Sasa yuko sekondari, na anaimba tenori, si vizuri sana bado.

Si wote walioondoka waliorudi. Kati ya tisa, watano wako nasi. Wawili wanaabudu kwingine na tunasalimiana vizuri. Mmoja yuko Qatar kikazi, hututumia sauti yake kwa WhatsApp akiimba besi peke yake chumbani. Mmoja bado hataki salamu zetu, na tunadhani ana sababu, kwa maana kuna mambo aliyoambiwa siku ile ya Oktoba ambayo hayajasahihishwa na waliomwambia. Dada alimaliza deni lake lote na akaomba asirudishwe katika kazi ya hazina. Video hatujarekodi mpaka leo.

Tangu hapo pesa za kwaya hutolewa kwa sahihi mbili, na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi hesabu husomwa mbele ya wote pamoja na risiti. Kuna mwenzetu aliyeuliza kama huko si kukosa imani, ikiwa kweli tumeongozwa na Roho. Tulimjibu kwamba Roho aliyetufundisha kusema kweli hana ugomvi na risiti. Dada mwenyewe ndiye aliyeunga mkono kwa nguvu zaidi. Alisema kama utaratibu huo ungekuwepo, asingezibeba zile pesa peke yake usiku ule, wala asingeubeba uongo.

Tuseme pia yaliyo magumu, tusije tukawafanya watu wa Uamsho malaika, wala sisi wenyewe. Mwaka 1941 wanafunzi zaidi ya ishirini wa chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, walifukuzwa baada ya kukataa amri ya kuacha mikutano yao ya maombi ya alfajiri na mahubiri yao. Wako wanaosema walimtii Mungu, na wako wanaosema walikuwa wakaidi waliowahukumu walimu wao. Baadaye ndugu hao hao, waliojifunza kupatana, waligawanyika kwa makundi. Nasi mwaka 2021 neno lililosemwa katika maombi ya wawili lilitoka nje likafika kwa jirani. Tulimwomba radhi aliyeumizwa, na alichukua miezi kabla ya kurudisha karatasi yake kikapuni. Hatukumlaumu. Kukiri dhambi yako ni jambo moja, kukiri dhambi ya mwenzako mbele za watu ni kusengenya kwa magoti.

Kwa hiyo mtu akituambia leo kwamba Roho amenena naye, hatumcheki wala hatumwamini papo hapo. Tunafanya kama 1 Yohana 4:1 inavyoagiza, tunapima. Kipimo chetu si cha kitaalamu. Tunaangalia kama neno hilo linamgusa kwanza yule anayelisema, au linapita juu ya kichwa chake kwenda kumpiga mwingine. Na tunaangalia kama baada ya maombi ni rahisi zaidi kubisha mlango wa yule mtu, au ni vigumu zaidi.

Mlango mwingine uliobishwa hatukuutazamia. Sisi hapa tunaishi kati ya majirani Waislamu, na wengi wao wametangulia kuwa wenyeji kabla yetu. Kusema kweli, katika maombi yetu ya zamani majirani walitajwa zaidi kama jambo kuliko kama watu. Ramadhani ya mwaka 2020 iliangukia Aprili na Mei, wakati hali ilipokuwa mbaya kabisa. Dada mmoja wa kwaya anayekaa Msambweni, ambaye mumewe alikuwa amepoteza kazi ya hoteli, alishangaa jirani akimletea futari jioni moja, na jioni ya pili, na ya tatu. Usiku kwenye simu alitaka kumwombea baraka mama yule, akakwama. Alikuwa amekaa naye ukuta kwa ukuta miaka saba na hakujua jina lake wala majina ya wanawe. Akasema, "Bwana, nitakuletea jina kesho." Akaenda akauliza.

Leo wawili hao wanapelekeana watoto na chumvi. Na ule mzozo wetu wa zamani wa vipaza sauti vya mazoezi kugongana na swala ya magharibi, uliotuchukulia vikao vitatu na barua mbili, ulimalizwa na mama hao wawili kwa mazungumzo ya dakika kumi. Ndiyo sababu siku hizi mazoezi yetu husimama kidogo jioni. Wageni mliojiuliza, ndiyo hiyo.

Bibi yetu alifariki mwaka 2022. Siku chache kabla, wakati sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa, mwenzake wa wiki ile alimpigia saa tatu kama kawaida, na walikaa kwenye simu nusu saa bila yeyote kusema neno. Karatasi yenye jina lake hatukuwahi kuitoa kikapuni kwa wiki kadhaa. Aliyeiokota aliomba peke yake wiki hiyo, akinyamaza kwanza, kama alivyofundishwa.

Sasa tumefika mwisho wa zamu yetu. Baada ya wimbo unaofuata, kikapu kitapita. Leo si kwa wanakwaya peke yao, mshirika yeyote anayetaka aandike jina na namba ya simu katika kipande kilichobanwa nyuma ya kitabu hiki, akikunje, akitumbukize. Wanakwaya tuko 41, idadi isiyogawanyika kwa mbili, na Mchungaji amekubali jina lake liwe la 42, kwa hiyo mjue yeyote anaweza kumwokota. Asiye na salio amwone katibu bila kuona haya, kuna fungu kwa ajili hiyo na limo katika hesabu. Tunaanza Jumatatu, saa tatu usiku.